Je, wajua kwa nini ndugu wa mgonjwa wa skizofrenia wanaweza kupumua kwanza, kilio kikaja baadae?

Siku dokta anatutajia ugonjwa wa kaka, hospitali moja hapa Moshi, mzee wetu hakuuliza kama unapona. Aliuliza, "Kwa hiyo daktari, dada yangu hakumroga?" Dokta akaweka kalamu chini, akamwambia hapana mzee wangu, huu ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa skizofrenia. Mzee akashusha pumzi ndefu, mama akajifuta uso na khanga, na mimi niliyekaa karibu na mlango nikasikia moyo umekuwa mwepesi kabisa. Ukimsimulia mtu anashangaa, yaani mnaambiwa kijana wenu ana ugonjwa mzito vile alafu mnapumua? Ndio, na wala sio sisi peke yetu, wauguzaji wengi wanasema hivyo hivyo.

Sababu ni kwamba ugonjwa huu haupigi hodi. Kwa wanaume mara nyingi unaanza pale mtu anapomaliza sekondari mpaka miaka ishirini na kitu, kwa wanawake unachelewa kidogo, na huo ndio umri ambao kijana akijifungia chumbani, akiacha kazi, akiongea peke yake, kila mtu ana jibu lake tayari. Bangi hiyo. Marafiki wa kijiweni hao. Kaka alikuwa fundi gereji, akaanza kurudi nyumbani saa nne asubuhi anafunika tivii na khanga ya mama kwa sababu mtangazaji wa taarifa ya habari anamsema yeye kwa jina. Tulipita kote mnakokujua, maombi ya mkesha, mganga, mpaka kikao cha ukoo huko juu Kibosho ambako shangazi alitajwa kisa aligombana na mama juu ya mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo. Miaka miwili hiyo! Kwa hiyo jina la ugonjwa liliikuta nyumba imeshajaa majibu, na kila jibu lina mtu ndani yake wa kulaumiwa, sasa dokta akisema ni ubongo ni kama kesi imefutwa mahakamani, wote mnatoka.

Na msidhani kulaumu ni kwetu tu. Neno skizofrenia lilianzishwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, lakini miaka 40 baadae, 1948, daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann huko Marekani akaandika kwamba malezi ya mama ndiyo yanayomfanya mtoto awe hivyo, na wamama wakabebeshwa mzigo huo miaka na miaka mpaka tafiti zikaonyesha si kweli. Kinachojulikana leo ni kwamba kuna kurithi, kuna matatizo ya ujauzito na kuzaliwa, kuna shida za maisha, bangi kweli inaongeza hatari, na kwenye ubongo kemikali inayoitwa dopamini haiendi sawa. Wanaoishi nao duniani ni zaidi ya milioni 20. Mama yangu hayumo kwenye hizo sababu, na shangazi hayumo.

Sasa kilio. Kwetu kilikuja kama wiki ya tano, na kilikuja kwa sababu dawa zilikuwa zinafanya kazi. Dawa zinatuliza ile dopamini, sauti zikapungua, tivii ikafunuliwa, na sisi tukakaa kumsubiri kaka arudi yule wa zamani. Hakurudi. Alikuwa anakaa tu kwenye benchi la uani, haongei, haogi mpaka aambiwe, mkono unatetemeka kwa dawa. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kukosa hamu na maneno ni ugonjwa huo huo, na upande huo dawa haziugusi sana, na mimi nikakumbuka kibao nilichompiga mwaka wa nyuma nikimwita mvivu, hicho kibao bado kinaniuma. Mama alikuwa akifua ovaroli lake la gereji kila jumamosi miaka yote miwili, analipiga pasi, analitundika nyuma ya mlango. Jumamosi ile alilifua, likakauka, akalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku, ndipo akalia.

Mtu akifa kwetu turubai linafungwa, majirani wanakuja na sufuria zao, unapewa pole mpaka unachoka. Hapa kijana yupo, anakula, anapumua, lakini ile ndoa mliyoiwaza, ile gereji yake mwenyewe, vimeondoka na hakuna hata jirani mmoja wa kukupa pole. Ndio maana mimi nasema familia wasiitwe siku moja tu wakapewa kadi ya kliniki na tarehe ya sindano, waitwe tena mwezi unaofuata, kwa sababu maswali ya kweli yanazaliwa huko nyumbani. Na waambiwe pia mazuri, kwamba kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani angalau mmoja kati ya wagonjwa watatu anaweza kupona kabisa, na kwamba nyumba yenye lawama na kelele nyingi inamrudisha mgonjwa wodini haraka, hili lilionekana kwenye tafiti za Uingereza tangu miaka ya 1950 na 60.

Mzee alipanda Kibosho mwezi ule ule. Alichuma jani la sale pale pale kwenye mpaka waliougombania, akaenda nalo kwa shangazi, na kwa Wachaga ukiletewa sale unajua umeombwa msamaha. Shangazi alilishika mkononi muda mrefu bila kusema kitu, alafu akauliza, "Dawa anakunywa saa ngapi?" Saa mbili usiku, mzee akamjibu. Mpaka leo ikifika saa mbili usiku simu ya kaka inaita, na ni yeye.