Nikotini siyo inayoleta saratani ya mapafu

Wengi huamini nikotini ndiyo huleta saratani. Sivyo. Nikotini hutia uraibu, na uraibu wenyewe si mchezo. Lakini saratani ya mvutaji hutokana hasa na moshi wa tumbaku inayoungua, wenye lami na maelfu ya kemikali.

Imani hiyo humponza rafiki anayejaribu kuhamia sigara ya kielektroniki (asiyevuta kabisa asiiguse). Uingereza, ambako sheria inaruhusu hadi miligramu 20 za nikotini kwa mililita ya kimiminika cha sigara hiyo, mtu wa pakiti nzima kwa siku huchagua kimiminika chenye nikotini kidogo kwa woga. Arosto haiishi, jioni anarudia sigara. Usimsimange. Mwambie aongeze nguvu ya nikotini, avute polepole. Wahudumu wa kuacha sigara wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, humsaidia kuchagua kipimo.