Makala Imelipiwa, Kiungo Ndicho Kibovu

Kila muhula ukifunguliwa, malalamiko huwa yale yale. Mhadhiri ameweka makala kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, mwanafunzi aliye Rongai au Kasarani anabofya, anakutana na ukurasa unaomdai dola. Kisha sisi wa maktaba tunaandikiwa: "Maktaba ifungue." Maktaba haijafunga kitu. Jarida limelipiwa; kilichokosewa ni kiungo.

Mchapishaji hututambua kwa anwani za mtandao wa chuo. Aliye nje ya chuo lazima apitie seva ya proksi, inayomwomba nenosiri kisha kumpitisha kana kwamba ameketi maktabani. Kwa hivyo, mhadhiri, usinakili anwani iliyo juu ya kivinjari. Mara nyingi ni ya kikao chako tu, nawe ukitoka nayo imekufa. Anza na kiambishi cha proksi, yaani kipande cha mwanzo cha anwani, kilicho kwenye ukurasa wa maktaba, fuatisha https://doi.org/, malizia na DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, kile kinachoanza na 10. Usiache nafasi popote. Halafu kijaribu kiungo kwa data ya simu, si kwa Wi-Fi ya chuo, maana huko hata kiungo kibovu hufunguka.

Wapo wanaoamua kupakia PDF nzima. Nia yao tunaielewa, ila leseni nyingi huruhusu kiungo, si nakala. Tena nakala hiyo ikisomwa na darasa zima, mchapishaji hahesabu hata msomaji mmoja. Wakati wa kulipia upya, jarida linaonekana halina wasomaji, linakatwa, na anayekuja kulalamika ni yule yule aliyepakia.

Kuhusu nenosiri: kumpa binamu aliyehitimu zamani, au kuliweka kwenye kundi la WhatsApp, si ukarimu. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema anayetoa nenosiri kwa kujua na bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au vyote viwili. Hatusemi kila mtu atafikishwa kortini. Lakini akaunti moja ikipakua mamia ya makala kwa mkupuo, mchapishaji anaweza kuzuia proksi nzima, na wote walio nje ya chuo wakakosa. Hapo tunapekua kumbukumbu za seva, tunasimamisha akaunti, tunamwandikia mchapishaji, tunangoja jibu. Kutuambia kwamba kazi yako inakusanywa leo hakuharakishi lolote.

Asiyetaka kuhangaika na viambishi amtumie mkutubi wa kitivo chake orodha ya makala kabla ya muhula kuanza, viungo tutamtengenezea. Orodha ikija Ijumaa jioni, itasomwa Jumatatu.