Laptopu Ikijipa Anwani Yenyewe: Maana ya 169.254

Wiki ya kwanza ya muhula, foleni kwenye mlango wa kitengo chetu cha TEHAMA huwa ndefu, na kilio ni kilekile: "Waifai imeshika, ila haifungui kitu." Mwanafunzi mmoja alifika akiwa amekesha anaifuta Windows na kuiweka upya. Mafaili ya utafiti wake yalifutika, na tatizo likabaki palepale. Nilifungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, nikaandika neno moja, ipconfig. Ikatokea 169.254.83.12. Laptopu yake ilikuwa nzima kabisa. Iliniuma, kwa sababu namba ile ilikuwa inasema kila kitu tangu jana yake.

Kila kifaa kinachoingia mtandaoni kinahitaji anwani ya IP, yaani namba ya kukitambulisha. Kazi ya kuzigawa hufanywa na utaratibu uitwao DHCP, ambao toleo lake la msingi linalotumika hadi leo ni la mwaka 1997. Laptopu hupiga hodi kwa wote waliomo mtandaoni: nani ana anwani anipe? Ruta (kile kifaa kinachotoa waifai) au seva (kompyuta inayohudumia nyingine) huitikia kwa kutaja namba, laptopu husema naitaka hiyo, ruta huthibitisha. Anwani yenyewe ni ya kupanga, kama chumba. Ina muda wake, na nusu ya muda ikipita laptopu huomba kuongezewa.

Hodi isipoitikiwa, laptopu hujichagulia yenyewe namba inayoanza na 169.254. Namba hiyo huiwezesha kuongea na mashine za jirani tu, haivuki ruta kwenda nje. Kwa hiyo ukiiona, soma hivi: nimebisha, sikujibiwa.

Kabla hujagusa chochote, chukua simu uiunge kwenye waifai ileile, ukiwa umezima data. Simu nayo ikigoma, iache laptopu. Kagua ruta, au mwite anayeisimamia. Simu ikipata anwani, rudi kwenye laptopu uandike ipconfig /release kisha ipconfig /renew, ili iachie anwani ya zamani na kubisha upya. Kama unatumia kebo, ichomoe uichomeke tena hadi isikike ikishika. Programu ya kinga ya virusi nayo inaweza kuzuia majibu ya ruta. Izime kwa dakika mbili ujaribu, kisha uiwashe.

Wapo wanaokuja na anwani iliyowekwa kwa mkono kazini, tuseme 10.20.5.7, wakati wenzao wote hapa wanaanza na 192.168. Hao waingie kwenye mipangilio ya mtandao, wairudishe kwenye Automatic.

Linalotusumbua zaidi vyuoni ni anwani kuisha. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254 za kutumia, na ruta yenyewe huchukua moja. Weka ukumbi wenye watu 120, kila mmoja na simu na laptopu: 240 zimekwenda. Kundi la jioni likiingia, la asubuhi limeshaondoka lakini bado linashikilia vyumba vyake, kwa sababu seva ya Windows isiporekebishwa hukodisha kwa siku 8. Kwenye kumbi zetu tulishusha muda huo hadi dakika 120, na foleni ikapungua. Kama unasimamia mtandao wa shule, msikiti, kanisa au mgahawa, anzia hapo kabla hujanunua ruta nyingine.

Na ninawaomba sana wakazi wa mabweni: msichomeke ruta zenu ukutani bila kutuambia. Ruta iliyochomekwa tundu lisilo lake huanza kugawa anwani kwa bweni zima. Watu wanapata namba inayoonekana nzuri tu, lakini wanaelekezwa kwenye mlango usiokwenda kokote. Dalili yake, ukiandika ipconfig, ni mstari wa Default Gateway (anwani ya mlango wa kutokea nje) kutofautiana na wa mwenzako mnaotumia mtandao mmoja. Ileteni tuipange pamoja, haichukui hata robo saa.

Ukishindwa yote hayo, andika ipconfig /all, upige picha ya kioo kwa simu, uje nayo pamoja na laptopu. Usifute chochote. Kwenye picha hiyo tutaona kama ulipewa anwani, nani aliyekupa, lini, na muda wake unaisha lini.