Taa ya kigari kinachoserereka: inasema nini, na tatizo linatafutwaje

Ukifungua swichi ya gari, taa za dashibodi huwaka kwa pamoja kisha huzimika moja moja. Mojawapo ni ya njano: kigari kidogo, na nyuma yake mistari miwili iliyopinda kama njia ya nyoka. Hiyo ni taa ya mfumo wa kuzuia tairi lisizunguke bure. Kwenye Toyota huandikwa TRC.

Kila gurudumu lina sensa yake ya kuhesabu mizunguko, na ni ileile inayotumiwa na ABS, mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki. Kompyuta hulinganisha hesabu za magurudumu yote manne. Umekanyaga mafuta kwenye tope, tairi moja la kusukuma gari likaanza kukimbia kuliko wenzake. Hapo kompyuta hulibana kwa breki peke yake, au huipunguzia injini nguvu, mpaka lishike ardhi tena.

Kwa hiyo taa ikimetameta siku ya mvua, gari si bovu. Liko kazini. Ikiwaka na neno OFF, kuna mtu amebonyeza swichi yake. Zima gari, uwashe tena, na mara nyingi mfumo hurudi wenyewe. (Ukikwama kwenye tope zito, ibonyeze kwa makusudi, maana pale unahitaji tairi lizunguke ili ujinasue.)

Ikiwaka na kubaki hivyo safari nzima, kompyuta imejitoa. Hapo ndipo watu hupoteza hela, kwa sababu taa haisemi ni kifaa gani kimeharibika. Mara nyingi inachosema ni kwamba hesabu za magurudumu haziaminiki.

Toyota yangu iliwasha taa hiyo pamoja na ya ABS siku mbili baada ya kubadilishiwa beringi ya mbele. Fundi akasema sensa imekufa, nikanunua. Taa ikabaki palepale. Gereji ya pili walichomeka mashine ya kupimia ikatoa namba C0200, ambayo kwa Toyota ni sensa ya mbele kulia, kisha wakafanya jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya: tuliendesha taratibu huku tukitazama kasi za magurudumu kwenye skrini. Matatu yakasoma 20, la mbele kulia likasoma sifuri. Sensa mpya, waya mzima. Kumbe beringi ilikuwa imefungwa kinyume. Beringi za aina hii zina utepe wa sumaku ndani ya sili ya upande mmoja, na sensa husoma sumaku hiyo. Ukiigeuza, tairi linazunguka vizuri kabisa ila sensa haioni kitu. Kwa macho pande zote mbili zinafanana. Klipu ndogo ya karatasi ikinasa kidogo kwenye sili, huo ndio upande wa sensa.

Mara nyingine chanzo ni chepesi zaidi: waya wa sensa umekatika pale unapopinda kila usukani unapokatwa, au ncha ya sensa imejaa uchafu na chembe za chuma. Tazama matairi pia. Ukifunga spea ndogo kuliko mengine, itazunguka mara nyingi zaidi, na kompyuta inaweza kudhani linateleza.

Ikiwa taa ilianza baada ya alaimenti, au baada ya kuchomoa betri, shuku sensa ya usukani, ile inayoiambia kompyuta usukani umekatwa kiasi gani. Katika magari mengine inatosha kukata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, kisha kuendesha kidogo. Mengine hudai mashine iifundishe upya kwamba katikati ni wapi.

Na kama taa ya injini imewaka kwa wakati mmoja, achana na magurudumu kwanza. Injini inayomisi (inayowaka kwa kukosakosa) kwa plagi au koili mbovu huweza kuifanya kompyuta izime TRC, kwa kuwa haiwezi tena kuitegemea injini kupunguza nguvu inapoombwa. Tibu kumisi, futa namba ya hitilafu, na hiyo ya njano huenda ikaondoka nayo.

TRC ikiwa imezimika, breki za kawaida zinafanya kazi, ingawa taa ya ABS nayo ikiwa imewaka, tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga ghafla. Taa nyekundu ya breki ikiungana nazo, egesha gari na uangalie kiwango cha mafuta ya breki kabla ya kusogea tena.