Volti na mAh, kipi kisibadilike ukibadilisha betri

Watu wengi wakienda Mbuyuni hapa Moshi kutafuta betri mpya ya redio au tochi wanaangalia ile namba ya mAh tu, ikiwa kubwa wanaona wamepata, volti hawaisomi kabisa, na kwa kweli inaniuma maana vifaa vizuri vinakufa hivyo.

Chukulia simtanki juu ya mnara. Volti ni urefu wa mnara, yani presha ya umeme, mAh (miliampia-saa) ni maji yaliyomo ndani, yani chaji ambayo betri inabeba. Redio inayokula miliampia 200 kwenye betri ya mAh 2000 itapiga kama masaa 10. Kwa hiyo betri mpya mAh zikizidi haina shida ili mradi inaenea kwenye nafasi yake, itachelewa kujaa na itachelewa kuisha, basi. Ila volti zifanane na ya zamani, ukizidisha unaunguza kifaa.

Na hata volti zikikaribiana soma na aina. Zile simu za mezani zisizo na waya, nyingi zina pakiti ya Ni-MH (aina ya betri ya nikeli ya kuchaji) ya volti 3.6, ni seli tatu, yani betri ndogo tatu, za volti 1.2 zimeungwa pamoja, sasa mtu anaona lithiamu ya 3.7 anasema si ni ile ile, anachomeka. Sio ile ile jamani! Lithiamu inatakiwa ikifika volti 4.2 chaji ikate, na chaja ya Ni-MH haijatengenezwa kukata hapo, inaendelea kusukuma, betri inavimba na inaweza kushika moto ndani ya nyumba watu wamelala.

Halafu kuna hizi lithiamu za duara za 18650, upana milimita 18 urefu 65, zinazoingia kwenye tochi na redio nyingi. Kwa saizi hiyo hata nzuri kabisa zinaishia kama mAh 3500 hadi 4000, kwa hiyo ukiona imeandikwa 9900 huo ni uongo. Nilimpelekea mzee wangu Machame moja ya hivyo kabla sijajua, ikazima taarifa ya habari ya saa mbili usiku haijaisha, na alikuwa ameichaji mchana kutwa. Ipime mkononi, ya kweli ina kama gramu 45, feki nyingi ni nyepesi. Fundi akaja kumwekea ya 2600 ya kweli, sasa anachaji Jumapili kwa Jumatano.