Kilo 5 kwa wiki moja? Hayo ni maji

Wiki hii peke yake nimeonyeshwa picha za mzani na watu watatu. Mtu hata hajakaa vizuri kwenye kiti simu ishatoka, "Dokta cheki, jumatatu ile nilikuwa 92, leo 87, na we ulisema haiwezekani." (Wananiita dokta japo mi ni mtu wa lishe, nishachoka kurekebisha.) Sasa jamani, mi sijawahi kusema haiwezekani mzani kushuka kilo 5. Nilisema haiwezekani kuchoma kilo 5 za mafuta kwa wiki moja, hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na kwa vile nimeieleza hii kitu mpaka koo limekauka naiandika, atakayekuja kesho na picha yake nampa asome kwanza ndo tuongee.

"Mzani umeshuka, kwa hiyo mafuta yametoka"

Hii ndo inayonimaliza kuliko zote.

Tupige hesabu, ni ya shule ya msingi tu. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini imebeba kama kalori 7,700. Kilo 5 ni kalori 38,500. Gawanya kwa siku 7 unapata 5,500 kila siku. Haya, mtu mzima wa kawaida, mwenye kazi ya kukaa na kutembea kidogo, mwili wake wote unatumia kama kalori 2,000 mpaka 2,500 kwa siku nzima, hapo ushaweka moyo kupiga, ubongo kuwaza, kupanda ngazi, kufua, kila kitu. Yaani hata angefunga mdomo wiki nzima asionje hata punje moja, asingefika hata nusu ya hiyo hesabu, angeambulia kilo 2 na kitu, na hapo nimembeba nikasema kila kalori imetoka kwenye mafuta, wakati mwili haufanyi hivyo, lazima utang'ata na misuli. Na huyu wa picha hakufunga, alikuwa anakula mayai mawili asubuhi na mboga jioni.

Sasa hizo kilo zingine zilitoka wapi? Ini na misuli vina stoo ya sukari inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima ni kama gramu 400 mpaka 500, na kila gramu moja inakaa na maji yake karibu gramu 3. Ukikata wanga ghafla mwili unafungua stoo hiyo kwanza, ndani ya siku mbili tatu imebaki ya kukwangua, na yale maji yanaachiwa. Hapo tu kilo 2 zinaweza kuondoka. Alafu insulini (homoni inayosimamia sukari mwilini) ikishuka figo nazo zinaachia chumvi, chumvi inatoka na maji yake. Alafu tumbo na utumbo vilikuwa na mzigo wa chakula cha jana na juzi, umekula kidogo mzigo umepungua, nao una uzito. Ndo maana siku za mwanzo unakimbia chooni kila saa kukojoa unajisifu dayati inachapa kazi. Inachapa kweli, ila inakausha tanki.

Ubaya wake sio ule mzani wa wiki ya kwanza, mi ningemuacha mtu afurahi zake. Ubaya ni kinachofuata. Jumapili kuna sherehe, mtu anakula kawaida tu kama binadamu, sahani moja ya wanga na soda, jumatatu asubuhi mzani umepanda kilo 2 na analia kwamba mwili wake ni wa kunenepa, akila kidogo tu anafura. Hapana, umejaza stoo, na stoo imerudisha maji yake. Ili unenepe kilo 2 za mafuta kwa usiku mmoja ingebidi ule kalori kama 15,000 juu ya mahitaji yako, na sidhani sherehe yenyewe ilikuwa na chakula cha hivyo.

Na kuna upande wa pili unaoniuma zaidi. Kuna dada alikuja wiki ya nne amekata tamaa kabisa, wiki ya kwanza kashuka kilo 4, ya pili kilo 1, ya tatu hakuna kitu mzani umeganda, kaamua dayati imekataa anatafuta kali zaidi, kuna mtu kamwambia anywe juisi tupu siku 10. Nikamwambia tulia. Nikachukua futi ya fundi cherehani nikampima usawa wa kitovu, kimepungua sentimita 3 tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza hedhi lini, akasema kesho kutwa. Basi jibu ndo hilo, wanawake wengi wanashika maji siku hizo na yanaficha kabisa kinachoendelea, ile wiki mzani "umeganda" mafuta yalikuwa yanaendelea kuondoka kimyakimya, wakati ile wiki aliyopiga picha na kutumia marafiki zake ilikuwa karibu yote maji. Alisherehekea wiki isiyo yake akataka kuikimbia iliyo yake.

Kwa hiyo nawaomba, na hili nitalisema mpaka nistaafu: pima asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya kula wala kunywa, andika. Usiangalie namba ya leo na ya jana. Chukua wastani wa wiki nzima ulinganishe na wastani wa wiki iliyopita, na wanawake mlinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Futi kiunoni kila baada ya wiki mbili. Na kama mzani unakuharibia siku, ufiche chini ya kitanda, futi inatosha.

"Nusu kilo kwa wiki ni kupoteza muda"

Nusu kilo kwa wiki ni kilo 26 kwa mwaka, sasa we ulikuwa na haraka ya kwenda wapi? Na wengi hata hawahitaji hizo 26. Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2002, watu 3,234 waliokuwa wanaelekea kwenye kisukari. Kundi moja likapewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea kama dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58, wakawapita hata waliopewa vidonge. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 92 ni kilo 6 na nusu hivi. Kilo 6 na nusu za kweli lakini, sio za maji.

Alafu anayeshuka kwa fujo anapoteza na misuli, ndo unakuta mtu mzani umeshuka ila mikono imelegea, amechoka, uso umeingia ndani, na miezi miwili mitatu baadaye nywele zinajaa kwenye kitana anadhani karogwa. Mi ushauri wangu ni uleule na wateja wangu wanaujua wanautania: protini kila mlo, na nyanyua kitu kizito mara mbili kwa wiki. Protini gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa anayepunguza uzito (mwenye shida ya figo aongee na daktari wake kwanza). Kutembea ni kuzuri sana natembea na mimi, ila misuli inataka uilazimishe kufanya kazi ndo ibaki.

"Ukila kidogo sana mwili unagoma kupungua"

Hii inatoka kwa upande wetu, wanaopinga dayati kali ndo wanaisambaza, na ni uongo pia. Mwaka 1944 huko Minnesota, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, akawalisha takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24 huku wakitembea maili nyingi kila wiki. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Hakuna mwili uliogoma. Kilichotokea ni kwamba mwili ulibana matumizi, wakawa wanasikia baridi muda wote, hawana nguvu, wana hasira, wanawaza chakula usiku na mchana, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Na walipofunguliwa wakala bila kushiba, mafuta yakarudi haraka kuliko misuli, baadhi wakawa na mafuta mengi kuliko walivyoanza. Kwa hiyo usimwambie mtu hatapungua, atapungua, ila mwambie na bei yake.

Kubana huko kunaweza kukaa muda mrefu, wale washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito la Marekani waliofuatiliwa na mtafiti Kevin Hall, miaka 6 baadaye miili yao ilikuwa bado inatumia kama kalori 500 kwa siku pungufu ya inavyotarajiwa, na wengi uzito ulisharudi.

"Ukienda polepole haurudi"

Natamani ingekuwa kweli, ningelala vizuri. Australia walilinganisha, utafiti ulitoka 2014, kundi la haraka na kundi la polepole, waliofanikiwa kushuka wakafuatiliwa karibu miaka 3, na makundi yote mawili yalirudisha kama asilimia 71 ya walichopunguza. Sawasawa. Na Uingereza kuna utafiti wa watu wa kisukari aina ya 2 waliopewa vinywaji maalum vya kalori zisizofika 900 kwa siku miezi 3 mpaka 5, na baada ya mwaka asilimia 46 kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa. Kwa hiyo ukali wenyewe sio dhambi. Ila wale dawa zao za sukari na presha zilisimamishwa na wataalamu siku ya kwanza, vinywaji vilikuwa na vitamini na madini yote, na walirudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua na mtu akiwafuatilia. We umeipata dayati yako kwenye sauti iliyosambazwa na mtu usiyemjua, alafu bado unameza vidonge vya sukari vilevile, unajua sukari ikishuka usiku umelala peke yako inakuwaje?

Miaka ya 1970 mwishoni Marekani watu walikuwa wanakunywa protini ya kimiminika tu, bila chakula, miezi mfululizo, makumi wakafa, mioyo ilipoteza mapigo. Hawakuwa wajinga, walikuwa na haraka.

Sababu yangu mi kupenda polepole ni kwamba unapata muda wa kujifunza kula kwenye maisha yako yenye watoto, kazi na sherehe, na pia nyongo. Ukishuka zaidi ya kilo 1 na nusu kwa wiki muda mrefu, hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo inapanda. Ukisikia maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, hasa baada ya kula, usinywe juisi ya kusafisha, nenda hospitali.

Zingine haraka haraka maana nina mtu anasubiri.

Jasho sio mafuta yanayoyeyuka. Ukichoma kilo 10 za mafuta, kama kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni, 1.6 ndo inakuwa maji. Kwa hiyo huo mkanda na nailoni tumboni vinakupa vipele na kiu tu.

Chai za kupunguza tumbo, soma nyuma ya pakiti, nyingi ni sanamaki, dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati kalori zilishanyonywa juu huko kwenye utumbo mwembamba. Unachotoa ni maji na potasiamu, na moyo unaihitaji potasiamu.

Detoksi: una ini na figo mbili. Zinasafisha na sasa hivi unavyosoma.

Mazoezi ya tumbo yanakaza misuli ya tumbo, hayachagui mafuta ya pale pale. Mwili unatoa unapotaka wenyewe, na kwa wengi kitambi ndo kinatoka mwisho, pole.

Kula usiku: kalori hazisomi saa. Shida ya usiku ni kwamba ulishinda njaa mchana kutwa ukijisifu, saa tatu usiku unakula kwa mkono wa mtu mwingine. Kula mchana.

Na wajawazito, wanaonyonyesha, walio kwenye insulini au vidonge vya sukari, na aliyewahi kujitapisha au kujinyima chakula mpaka akaugua, nyie msianze dayati yoyote mlioiona popote kabla hamjaonana na mtu. Sio mimi lazima, yeyote anayejua.

Yule wa 92 kwenda 87 karudi leo. Yuko 89 na nusu. Safari hii simu imebaki mfukoni, kakaa kwanza, kaniuliza hivi ile protini ya asubuhi ulisema kiasi gani.