Sushi ni wali, si samaki mbichi

"Sushi siwezi, mimi sili samaki mbichi." Basi tuseme tena: samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuliwa bila wali ni sashimi. Sushi ni wali uliotiwa siki. Juu yake weka yai, tango au pweza aliyechemshwa, bado ni sushi.

Hata asili yake iko kwenye wali. Katika narezushi ya kale, samaki aliyetiwa chumvi alishindiliwa ndani ya wali kwa miezi mingi. Wali ulichacha, uchachu wake ukamhifadhi samaki, kisha wali ukatupwa. Kando ya Ziwa Biwa huko Japani, funazushi, aina ya narezushi, bado hutengenezwa hivyo. Baadaye siki ikashika nafasi ya kuchacha, na katika karne ya 19 nigiri, tonge dogo lenye kipande cha samaki juu, ikavuma Edo, yaani Tokyo ya leo.

Kwa hiyo kosa kubwa hufanyika sufuriani. Basmati haifai: wanga wake haunati, na ukiongeza maji unapata bokoboko. Tafuta mchele wa Kijapani wa punje fupi. Gramu 300 zikoshe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, loweka nusu saa, chuja, pika kwa maji mililita 360 hivi. Yeyusha sukari kijiko kikubwa kimoja na nusu na chumvi kijiko cha chai kimoja katika siki ya mchele mililita 50. Mimina siki hiyo juu ya wali ungali wa moto. Ukipoa haunywi siki, inatuama chini. Ukate kwa mwiko ulioulaza upande huku ukipepea. Usiusonge, huu si ugali! Ufunike kwa kitambaa kibichi, na usiutie kwenye friji: wanga hukakamaa, punje zinakuwa kama kokoto.

Eti siki, limau na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, huua minyoo ya samaki? Haviui. Anisakisi, mmoja wa minyoo hiyo, hustahimili siki, na samaki kuvuliwa leo si kinga. Ni kupika, au kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo.

Samoni mbichi si jadi pia. Wanorwe ndio walioipigia debe Japani kuanzia miaka ya 1980.

Na tangawizi ya siki inayoandamana na sushi si kachumbari ya kurundika juu ya tonge. Huliwa kati ya tonge na tonge, kusafisha ulimi.